Bima ya Paka Mgonjwa

Binadamu ana desturi ya kuiogopa kesho. Hofu hiyo ndiyo iliyomfundisha kuweka nafaka ghalani, kukausha samaki juani, kuitawanya mifugo yake katika malisho mbalimbali, na hatimaye kukata bima. Bima ni ahadi. Watu wengi hutoa kidogo kidogo katika fungu moja, na yule apatwaye na hasara huinuliwa kwa fungu lile. Sifa yake ni njema, wala sina nia ya kuipunguza. Walakini liko swali moja ambalo wenye bima hawapendi kuulizwa, nalo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja, msomaji: ni nani atakayemdhamini kiumbe ambaye msiba wake haungoji kesho, kwa kuwa ulimfika jana?

Ili swali lisielee hewani, tulitie katika mwili wa mnyama mdogo. Kalokol ni mji wa wavuvi katika Turkana, karibu na ufuko wa magharibi wa ziwa, yapata kilomita 60 kutoka Lodwar. Mahali panapokaushwa samaki hapakosi paka. Hula vichwa na matumbo ya ngege na sangara, huwinda panya katika maghala, na hakuna mtu ajiitaye mwenyewe wao. Tuseme umemwona mmoja. Manyoya yamesimama, mbavu zinahesabika, na kila apatapo maji hunywa kupita kiasi, jambo ambalo kwa paka aghalabu ni dalili ya figo mbovu au kisukari. Umemhurumia, umembeba, umempa jina. Kisha umesikia kwamba katika nchi nyingine paka hukatiwa bima. Habari hiyo si uongo. Sweden walianza kudhamini farasi na ng'ombe kwa kampuni tangu mwaka 1890, na mbwa wakafuata mwaka 1924. Na Marekani hati ya kwanza ya namna hiyo ilitolewa mwaka 1982 kwa ajili ya Lassie, mbwa mashuhuri wa sinema. Je, paka wako wa Kalokol, kama angalikuwa huko, angalikubaliwa?

Angalikubaliwa nusu. Kampuni ingekuwa radhi kumdhamini kwa mguu utakaovunjika mwezi ujao, au kwa mfupa wa samaki utakaomkwama kooni baada ya siku chache za kungoja kupita. Lakini kwa figo zile zile ambazo ndizo sababu ya huruma yako, isingetoa hata senti. Hati yake ingesema waziwazi kwamba maradhi yaliyotangulia mkataba hayamo katika mkataba. Zipo kampuni zinazosamehe ugonjwa uliopona kabisa, ikiwa mnyama amekaa muda maalumu bila dalili yoyote. Figo zilizokwisha kuharibika, hata hivyo, haziponi, na msamaha huo hauzifai kitu.

Moyo wa kijana ukisikia hayo hukasirika. Husema: tazama ukatili wa wafanyabiashara, wanamfungulia mlango mzima na kumfungia mgonjwa, kana kwamba mwavuli hutolewa siku ya jua na kunyang'anywa siku ya mvua. Hasira hiyo ni nzuri, maana imezaliwa na huruma. Lakini kabla hatujaitii, yafaa tuipitishe katika hesabu.

Tuchukue kalamu. Wenye paka mia moja wamekutana. Kwa kawaida paka wanne kati ya hao huugua kila mwaka, na kumtibu mmoja ni shilingi 5,000. Basi gharama ya mwaka ni shilingi 20,000, na kila mtu akitoa 200 zinatosha. Waongeze shilingi 50 kila mmoja kwa ujira wa karani na kodi ya chumba chake, na watu wote mia watalala usingizi kwa shilingi 250. Hizi ni tarakimu za mfano tu, lakini kampuni kubwa za dunia hazifanyi hesabu ya aina nyingine. Sasa anaingia mtu wa mia na moja, naye ana paka ambaye bila shaka yoyote atahitaji shilingi 5,000 mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu kama atauona. Karani amtoze kiasi gani? Akimtoza 250, mia mbili zitaingia katika fungu la dawa, na 4,800 zilizobaki zitatoka katika mifuko ya wale mia ambao hawakuulizwa. Akimtoza kwa haki ya hesabu, atamtoza 5,000 na ujira wake juu, yaani 5,050. Na hakuna mwenye akili atakayetoa 5,050 ili apewe 5,000.

Umeona basi tatizo lilipo. Bima huuza ulinzi dhidi ya jambo ambalo huenda likawa na huenda lisiwe. Pale ambapo jambo limekwisha kuwa, hakuna tena cha kuuza. Kilichobaki ni deni, na deni hulipwa. Karani amkataaye paka wako hamhukumu kwamba ni kiumbe duni, wala hamwadhibu kwa kosa la kuugua. Amesema tu kwamba kazi hii si ya duka lake.

Tena liko jambo la pili, nalo huwaangusha wengi wenye nia njema. Tuseme wale mia wameona haya, wakatangaza kwamba mtu yeyote aweza kujiunga siku yoyote, mgonjwa kwa mzima, kwa bei moja. Mwenye paka mzima atajiuliza: kwa nini nilipe leo, ikiwa nitapokewa vile vile siku paka wangu akiugua? Atatoka, na mwenzake atamfuata. Watakaobaki ni wenye wagonjwa, ada itapanda, na wenye wagonjwa kidogo nao watatoka. Fungu hilo litakufa kabla ya paka.

Hayo yote nayasema kwa ajili ya kumtendea haki karani. Sasa nitasema yaliyo dhidi yake. Paka aliyeokotwa hana historia. Hakuna ajuaye alizaliwa lini, alikula nini, aliumwa na nini. Kampuni hutafuta ushahidi katika daftari la daktari wa mifugo: kama dalili iliandikwa kabla ya mkataba, ugonjwa ulitangulia, kama haikuandikwa, ni vigumu kuthibitisha. Fikiri maana yake. Watu wawili wameokota paka wawili wenye maradhi yale yale. Mmoja alimpeleka wake kwa daktari siku ya kwanza, akaandikiwa kila kitu. Wa pili hakujisumbua. Alikata bima kwanza, akaenda kwa daktari baadaye. Aliyetenda wema mapema amejifungia mlango, na mzembe amejifungulia. Kanuni ambayo humtoza mwangalifu na kumtunza mzembe ina ufa, hata kama hesabu yake ni sahihi, nami sijaona mtu aliyeuziba vizuri.

Katika ufa huo ndipo jaribu la uongo lilipojificha. Karatasi inauliza: Je, mnyama huyu amewahi kuugua? Nafsi inanong'ona: andika hapana, kampuni ni tajiri, paka ni maskini. Usimsikilize mnong'onaji huyo. Kampuni haina fedha zake yenyewe za kutibu paka. Zile ni za watu tisini na tisa waliosema kweli. Anayedanganya huwaibia wao, kisha hujipendekeza moyoni kwamba ameiba kwa ajili ya huruma.

Sheria ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1766, mjini London, jaji Lord Mansfield aliamua kesi ya Carter, gavana wa ngome ya Kiingereza katika kisiwa cha Sumatra. Carter aliikatia ngome ile bima, isije ikatekwa na adui. Na Wafaransa wakaiteka. Boehm, aliyeitoa bima, alikataa kulipa, akidai kwamba gavana alificha udhaifu wa ngome na habari za hatari aliyoijua. Jaji alisema kwamba bima husimama juu ya uaminifu wa pande mbili: haifai mmoja kunyamazia jambo alijualo yeye peke yake ili kumvuta mwenziwe katika mapatano. Hata hivyo gavana alishinda. Mtoa bima alikuwa London, mahali ambapo habari za vita zilijulikana kuliko Sumatra. Aliweza kuuliza kama ngome ile ilikuwa imara, naye hakuuliza. Aliyepokea ada bila kuuliza hakuweza kugeuka baadaye akalalamika kwamba hakuambiwa. Uingereza ilikuja kuongeza nguvu upande huo kwa sheria ya mwaka 2012, ambayo humtaka mwananchi wa kawaida ajibu kwa uangalifu yale anayoulizwa, wala haimtwiki mzigo wa kubuni yale ambayo kampuni ingetaka kujua.

Kuuliza, basi, ni wajibu kama ulivyo wajibu kusema. Kalokol yenyewe ina shahidi wa jambo hili, na ni jengo. Mapema katika miaka ya 1980 kilikamilika hapo kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway, chenye majokofu makubwa, ili samaki wa ziwa wagandishwe na kuuzwa mbali. Nia ilikuwa njema. Walakini Ziwa Turkana halina mto utokao ndani yake. Sehemu kubwa sana ya maji yake huletwa na mto Omo wa Ethiopia, na mvua ikipungua kule, ziwa hushuka huku. Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa shamba la samaki la Kalokol, haina kina kirefu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 maji yalirudi nyuma, ghuba ikakauka, na samaki wakaadimika. Tena kugandisha samaki katika nchi ya joto kama ile kuligharimu kuliko samaki mwenyewe. Majokofu yalifanya kazi muda mfupi tu, na jengo likaishia kuwa ghala la samaki wakavu, wale wale ambao watu walikuwa wakiwakausha kwa jua bila kulipa chochote. Baadaye ghuba ilijaa tena, na karibu na mwaka 2020 ziwa lilipanda hata likafukuza watu ufukoni. Kupwa na kujaa huko ndiko tabia ya ziwa, si ajali. Ulikuwa ugonjwa uliotangulia, na mgonjwa hakuuficha, hakuulizwa tu.

Nimetoka kwa paka nikafika kwa ziwa, na sasa sina budi kufika kwa watu, maana huenda wewe msomaji umekuwa ukijiuliza tangu mwanzo: kama kanuni hii ni ya haki kwa paka, je, ni ya haki kwa mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa selimundu? Kwa muda mrefu watu walijibu ndiyo. Huko Marekani, mtu aliyejinunulia bima mwenyewe aliweza kukataliwa kwa sababu ya saratani aliyokwisha kuugua. Sheria ya mwaka 2010 ilikataza jambo hilo, na katazo likaanza kazi kamili mwaka 2014. Lakini waliotunga sheria waliijua hesabu yetu ya paka mia. Kwa hiyo waliweka faini kwa mtu mzima wa afya atakayekaa nje ya bima, ili asingoje mpaka augue. Faini hiyo ilifutwa kuanzia mwaka 2019, na fungu halikufa, kwa kuwa hazina ya serikali huwalipia wengi sehemu ya ada zao. Mzigo haukutoweka hata mara moja, ulihamishwa bega.

Kenya nayo ilikuwa na mfuko wa taifa wa bima ya hospitali tangu mwaka 1966, na mwezi wa Oktoba 2024 mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hukadiriwa kwa hali yake, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Utekelezaji wake una malalamiko yake, nami siyaingii hapa. Ninachotaka ukione ni hiki: hakuna karani anayemuuliza mama wa Kalokol, kabla ya kumwandikisha, kama kifua chake kilikwisha kuuma. Kijana mzima wa Nairobi hukatwa, apende asipende, na fedha yake humtibu mtu ambaye hatamwona maishani. Rehema hiyo imenunuliwa kwa shuruti. Wako watu ambao hawalipendi neno shuruti, nami siwalaumu. Lakini wanapaswa kutueleza ni kwa njia gani nyingine mgonjwa wa jana atapokewa bila fungu kufa.

Hapa ndipo paka na mtu wanapoachana. Taifa limejifunga kwa watu wake wote, waliozaliwa wazima na waliozaliwa wagonjwa, kwa sababu hatukuchagua ni nani awe raia mwenzetu na ni nani asiwe. Hakuna taifa lililojifunga kwa paka wote. Paka wako anakutegemea wewe uliyemchukua, nawe ulichagua.

Kati ya paka na mtu, hata hivyo, kuna mbuzi, na katika Turkana habari za mbuzi haziachwi. Mwezi wa Oktoba 2015 serikali ya Kenya ilianzisha bima ya mifugo katika Turkana na Wajir, ikifuata majaribio ambayo wataalamu wa utafiti wa mifugo walikuwa wameyaanza Marsabit mwaka 2010. Bima hiyo haimhesabu mbuzi aliyekufa. Ingekuwaje mkaguzi azunguke kutoka Kakuma hata Kalokol kutazama mizoga? Badala yake, chombo kilicho angani hupima ukijani wa nchi. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, wenye bima wote wa eneo lile hulipwa, ili wanunue majani, maji na dawa kabla mifugo haijafa. Kaya zilizochaguliwa zililipiwa ada yote na serikali, kwa mifugo ya thamani ya ng'ombe watano. Na ng'ombe mmoja katika hesabu hiyo ni sawa na mbuzi kumi.

Tazama maajabu ya jicho hilo la angani. Haliulizi kama mbuzi wako anakohoa. Mwenye kundi zima na mwenye kundi gonjwa wamesimama sawa mbele yake, jambo ambalo karani wa paka hakuliweza. Lakini usawa huo una gharama, maana mbuzi akifa kwa ugonjwa, jicho lile halimwoni. Mwaka 2006 sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa katika Turkana, nayo iliangamiza makundi bila kujali kama nchi ilikuwa kavu au ya kijani. Hasara ya namna hiyo haimo katika bima ya ukijani. Tena mti wa mathenge hubaki na majani mabichi wakati nyasi zimekwisha. Kwa mbali nchi huweza kuonekana ina uhai, na ng'ombe amesimama katikati yake na njaa.

Walakini kilichonishughulisha zaidi katika habari hii ni yule aliyelipa ada. Kwa nini serikali ililipa yote? Kwa sababu ukame wa Turkana si ajali ya nadra. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na katika Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Mtu anayeifanya hesabu yake kwa uaminifu angalimtoza mfugaji wa nchi kama hiyo ada ambayo mfugaji hawezi kuitoa. Nchi yenyewe ni paka aliyeokotwa: ina ugonjwa uliotangulia. Bima haikuweza kuipokea mpaka mtu wa tatu alipojitokeza kubeba sehemu ile ambayo si ya bahati tena. Mpango uliofuata baadaye, wenye fedha za Benki ya Dunia za tangu mwaka 2022, humtaka mfugaji achangie kidogo na kumchangia kilichobaki. Wanaosema kwamba hiyo si bima halisi wanasema kweli kwa nusu. Ni bima iliyoshonwa pamoja na zawadi, na mshono unaonekana.

Wazee wa Turkana walikuwa na mshono wao wenyewe, tena wa siku nyingi. Mtaalamu Gulliver aliuandika habari zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1955 juu ya mifugo ya Wajie na Waturkana. Kila mwanamume alikuwa na marafiki wa mifugo, ndugu na wasio ndugu, wakaao mbali na mbali. Leo alimpa mmoja mbuzi. Kesho, akipungukiwa au akitaka kuoa, alikwenda akaomba. Ukame ukila kundi la huyu, kundi la yule huenda limenusurika kwenye malisho mengine. Katika urafiki huo hapakuwa na karatasi iuliayo kama umekwisha kupata msiba. Msiba ndio uliokuwa sababu ya kwenda. Nisingependa ufikiri kwamba hapakuwa na hesabu: watu walikumbuka sana ni nani aliyetoa na ni nani aliyenyima. Lakini hesabu yao iliangalia moyo wa mtu kwa miaka mingi, ilhali hesabu ya karani huangalia mwili wa mnyama siku moja.

Sasa huenda ukanikatiza kwa hoja ambayo nimekuwa nikiingoja. Utasema: katika wilaya ambako mtoto hutembea mbali kutafuta zahanati, si aibu kuzungumza juu ya figo za paka? Hoja hiyo ni nzito, nami siikwepi. Ikiwa shilingi ni moja, na mkono mmoja unamwelekea mtoto na mwingine unamwelekea paka, mpe mtoto. Asiyelikubali hilo sina la kuzungumza naye. Lakini mara nyingi shilingi inayoponyoka haikuwa ikienda kwa mtoto. Ilikuwa ikienda kwenye soda, au kwenye salio la simu. Mtu anayetaja mtoto maskini ili asimtibu paka, kisha asimpe mtoto yule kitu, amewadhulumu wawili kwa sentensi moja. Na liko jambo lingine. Kabla hujamchukua, paka yule hakukudai chochote zaidi ya kutompiga jiwe. Ulipombeba ulimwondoa katika njia zake za kujilisha, ukamfundisha kungoja sauti yako. Kuanzia hapo ana dai kwako ambalo paka wengine wa ufukoni hawana, na dai hilo halipungui kwa kuwa figo zake zilikuwa mbovu. Ulizijua, au uliona dalili ukachagua kutouliza.

Kwa hiyo nakusihi uulize kabla ya kubeba. Nenda kwa daktari wa mifugo. Wa Turkana wamezoea mbuzi na ngamia, lakini figo ni figo. Uliza chakula chake kitakuwa nini, dawa ni bei gani kwa mwezi, ataishi muda gani, na atapata maumivu kiasi gani. Kisha hesabu ulicho nacho. Ikiwa hakitoshi, kumwacha ufukoni na maji safi na vichwa vya samaki si dhambi, na ni afadhali kuliko kumchukua kwa shangwe Jumatatu na kumtupa Ijumaa. Ikiwa kinatosha, weka shilingi chache katika kopo kila wiki, maana hilo kopo ndilo bima pekee ambayo paka huyo ataipata kwa figo zake. Na ikiwa daktari amekuambia kwamba siku zake zilizobaki ni za mateso matupu, usione haya kumruhusu amlaze usingizi usio na maumivu.

Tena nunua daftari dogo. Andika tarehe uliyompata, uzito wake, anavyokunywa maji, dawa aliyopewa na siku aliyotapika. Yaandike hata yale ambayo yatamfanya asipendwe. Shule ikifungwa, au baba yako akihamishiwa Kakuma kikazi, utalazimika kumtafutia mtu mwingine wa kukaa naye. Naye mtu huyo atakuuliza kama paka huyu ni mzima. Mpe paka, na mpe daftari.